Soksi za shilingi elfu tatu: uzoefu wangu katika chumba cha michezo ya watoto

Ninaandika nikiwa bado na hasira, na huenda atakayesoma akaona kwamba nimelikuza jambo dogo. Jambo lenyewe ni soksi.

Jumamosi moja, si zamani sana, nilitoka Tabata na binti yangu mwenye umri wa miezi 14 kwenda kwenye chumba cha michezo ya watoto kilichomo ndani ya jengo moja la maduka hapa Dar es Salaam. Nyumbani tunaishi vyumba viwili, na uani bodaboda hupita bila kupiga honi, kwa hiyo mtoto hupata nafasi ya kutambaa kati ya kitanda na jiko la gesi tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa umri huu ashughulishe mwili kwa jumla ya dakika 180 kila siku, na mimi kwa uchache wa nafasi nimekuwa nikimpa labda nusu yake. Alikuwa ameanza kutembea majuma matatu tu yaliyopita. Nilikwenda kwa furaha, na kiingilio nililipa bila kunung'unika.

Mlangoni mhudumu akatazama miguu ya mtoto, akasema hawezi kuingia bila soksi, na soksi ni zao wenyewe, shilingi elfu tatu. Sikukataa. Ninaelewa habari ya fangasi na uchafu wa viatu, na ningependa watoto wote waingie wakiwa safi. Lakini soksi zile zilikuwa za nailoni nyembamba, laini kama kitambaa cha ndani ya koti, na kutoka mlangoni hadi kwenye dimbwi la mipira kulikuwa na vigae vinavyong'aa. Mtoto anayejifunza kutembea hushika sakafu kwa vidole vya miguu; unyayo ndio unaomwambia kama pale alipokanyaga pameinama, panateleza au pana baridi, naye hujirekebisha kabla hata hajajua kwamba amejirekebisha. Ukimvisha nailoni juu ya vigae umemnyima habari hizo zote kwa wakati mmoja. Alipiga hatua mbili, ya tatu ikaenda upande wake, akaangukia paji la uso. Nundu ilivimba papo hapo.

Nilimbembeleza, kisha nikamvua soksi. Mhudumu akaja haraka kuliko alivyokuja mtoto alipokuwa akilia. Nikamwambia kwa upole, "Mdogo wangu, mwache atembee peku kidogo, nimemfuta miguu, ni safi." Akanijibu, mbele ya wazazi wenzangu, "Mimi si mdogo wako, mama. Na mtoto kama hajui kutembea ungemwacha nyumbani."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko yanavyostahili. Hajui kutembea! Kwa vipimo vya Shirika hilohilo, watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na 18 hivi, na bango la mlangoni mwa chumba kile linasema wanapokea watoto kuanzia mwaka mmoja. Sasa huyo wa mwaka mmoja wanayemtarajia anakuja akiwa mwanariadha? Kliniki tunafundishwa kuhusu malezi yenye mwitikio, na programu ya taifa ya malezi na makuzi iliyozinduliwa mwaka 2021 imeyaweka katika mambo yake matano makuu, sambamba na afya, lishe, usalama na ujifunzaji wa awali. Maana yake kwa lugha ya nyumbani ni kwamba mtoto akilia mtu mzima amtazame, ajue analilia nini, amjibu. Mhudumu yule alitazama soksi.

Ningeishia hapo ningekuwa nimetenda haki kwa hasira yangu, lakini si kwa chumba chenyewe. Kwenye kona ya mbali, palipotulia na ambapo kiyoyozi hakimpigi mtoto mgongoni, kuna kisanduku kikubwa cha mchanga safi chenye ukingo wa sponji, vikombe na ndoo ndogo. Na hapo, nisijue nicheke au nilie, watoto wanatakiwa wavue soksi, ili mchanga usiingie ndani yake. Binti yangu alikaa, akachota, akamwaga, akachota tena, kwa muda ambao hajawahi kutulia na kitu chochote nyumbani. Kisha akashika ukingo, akasimama, akauachia, akatembea hatua sita katikati ya mchanga bila kuanguka, huku nundu yake ikiwa bado nyekundu. Nilisahau kupiga picha. Nilisahau hata mhudumu. Nikarudi nyumbani nikiwa nimeamua kwamba mahali pale ni pazuri, na kwamba kosa lilikuwa langu la kutojiandaa.

Basi nikajiandaa. Nilinunua Kariakoo soksi nene za pamba zenye vidoti vya mpira chini, nikazijaribu kwenye vigae vya jirani, mtoto akatembea vizuri kabisa. Juma lililofuata, au lile la baada yake, nikaenda nazo. Zikakataliwa. Si kwa sababu ni chafu, maana hazikuwa zimevaliwa nje hata mara moja, bali kwa sababu hazikununuliwa pale. Hapo nikaelewa kwamba habari ya fangasi haikuwa habari ya fangasi. Nikalipa elfu tatu nyingine, kwa sababu mtoto alikwishauona mchanga na alikuwa akiunyooshea mikono.

Kama ningetakiwa kutoa nyota, mchanga ningeupa tano na mlango nisingeupa hata moja, na sijui hesabu hiyo inafanyikaje. Jumamosi hii pengine tutakwenda tena. Nitamvalisha nailoni zao kama wanavyotaka, nitambeba mgongoni kuvuka vigae vyote, na nitamtua mchangani, nimvulie hapo.