Cheti cha arborist cha ISA: kukipata sawa, kukitunza ndo mziki

Natoa nyota 4 kati ya 5, na ile moja nimeibana kwa sababu ya hela, elimu yenyewe haina tatizo. Naongelea cheti cha arborist, yaani fundi wa kutunza miti, cha International Society of Arboriculture (ISA), hawa jamaa wapo tangu 1924 na cheti chao ndo kinachotambulika zaidi huku Marekani kwa watu wa miti. Hapa Minnesota ukiwa nacho unaacha kuwa yule wa kuburuta matawi kwenye chipa (mashine ya kusaga matawi) kutwa nzima, unaanza kutumwa kwa wateja kuangalia mti na kupiga hesabu ya kazi, na malipo yanasogea. Wabeba boksi wenzangu mliochoka na warehouse na zamu za usiku, hii ni kazi ya kuifikiria, ila baridi ya Januari juu ya mti msije mkasema sikuwaambia.

Huwezi kuamka tu ukaenda kufanya mtihani. Wanataka miaka 3 ya kazi ya miti full time, au digrii ya fani inayohusiana na mwaka mmoja kazini, au ile diploma ya miaka 2 na miaka 2 kazini, na mwajiri athibitishe. Kufyeka majani kwenye nyumba za watu hakuhesabiki, lazima iwe miti kweli, kupogoa, kuotesha, kutibu, kupanda na kamba.

Mtihani wenyewe ni maswali 200 ya kuchagua, masaa matatu na nusu, na yanagusa kila kitu kuanzia udongo na mizizi mpaka usalama kazini. Mimi sehemu niliyoipenda ni kupogoa, maana ndo inapingana na kila nilichokiona nyumbani. Bongo mti ukikaribia waya wanakuja na chensoo wanakata kichwa kinabaki kigogo, mwarobaini unachipua tena watu wanasema si mnaona haujafa. Huku kukata kichwa ni dhambi kubwa, kwa sababu yale machipukizi yameshikilia juu juu tu, miaka inapita yananenepa halafu siku ya upepo yanakuja kwenye paa. Tawi kubwa linakatwa mara tatu: kwanza chini, mbali kidogo na shina, halafu juu mbele ya hapo tawi lidondoke bila kuchuna gome, halafu ndo unamalizia kile kisiki pale nje ya ule uvimbe ambapo tawi linaungana na shina. Ule uvimbe usiuguse! Mti hauponi kidonda kama ngozi yako, unachofanya ni kujenga ukuta kuzunguka sehemu iliyooza na kuendelea kukua juu yake (hii alituonyesha Alex Shigo, mzee aliyepasua miti na chensoo miaka na miaka kuangalia ndani), na ukikata uvimbe umeupokonya mti zana yake.

Kutambua miti nako kunataka moyo. Ukishajua kwamba miti ya ash matawi yake yanatoka mawili mawili yakitazamana na mwaloni unatoa moja moja, hiyo ni hela kabisa huku kwetu, maana kuna yule mdudu wa kijani anayeua ash, aligundulika Michigan 2002 na St. Paul akaonekana 2009, sasa kila mteja anakuuliza nikate au nitibu. Unasogea kwenye gome unatafuta kitundu kidogo chenye umbo la herufi D, unaangalia juu kichwa kimekauka kiasi gani, ndo unajibu. Kama bado mzima kiasi unaweza kupigwa sindano ya dawa kwenye shina, ila sio mara moja yakaisha, inarudiwa, na mteja aambiwe hivyo mapema.

Sasa kasoro. Cheti hakisemi kama unajua kupanda juu ya mti, mtu anaweza kuwa nacho na hanesi (mikanda ya kupandia) hajawahi kuivaa (wapandaji wana cheti chao kingine chenye vitendo). Halafu kinaisha baada ya miaka 3, na kukihuisha unatakiwa uwe na pointi 30 za kujiendeleza au urudie mtihani, na ada juu yake. Pointi moja ni kama lisaa limoja la darasa hivi, so sio nyingi, tatizo watu wanasubiri mwaka wa tatu ndo wanaanza kuhangaika na semina za kulipia. Zipo webinar, yapo makala yenye maswali mwishoni, na msimu wa baridi kazi zikipungua ndo muda wa semina. Jiunge uanachama kwanza kabla ya kulipia mtihani, bei ya mwanachama ni nafuu.

Na hili la mwajiri kulipia, pata maandishi. Kampuni moja niliyokuwa walisema wananilipia, nilipoondoka wakakata kwenye cheki yangu ya mwisho, wakasema ndo utaratibu wao. Bahati nzuri cheti ni cha mtu sio cha kampuni, unaondoka nacho. Mteja akitaka kuhakikisha anaingia kwenye tovuti ya ISA anakutafuta, anaona kama bado kiko hai, na huku wateja wengine wanacheki kweli kabla hujashuka kwenye gari.

TRAQ, ile ya kupima hatari ya mti kuanguka, bado sijaigusa. Yenyewe inadumu miaka 5 na bei imechangamka, safari hii nasubiri bosi asaini kwanza.