Vipele visivyoisha: tyubu ya mchanganyiko, mwarobaini na kipimo cha kukwangua ngozi (uzoefu wangu)

Naandika hii kwa yeyote mwenye mabaka yanayowasha ambaye kila akipaka dawa anapata nafuu siku mbili tatu halafu hali inarudi vilevile, maana mimi nimekaa na shida hiyo karibu mwaka mzima bila mtu hata mmoja kuniambia naumwa nini. Ilianzia kiunoni pale sketi inapobana, ikapanda chini ya matiti, ikashuka mapajani, na usiku ndo balaa, najikuna mpaka shuka linapata madoa ya damu. Nikapima sukari, iko sawa. Nikapima na HIV maana kuna watu walishaanza kuniangalia kwa jicho lile, majibu yakaja safi. Ngozi ikaendelea kuwaka tu.

Nianze na dawa iliyoniumiza zaidi, ile tyubu ya mchanganyiko. Sitaji jina la kampuni maana ziko nyingi na zote zinafanana, ndani kuna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na stiroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), vyote kwenye tyubu moja, na unauziwa dukani bila cheti cha daktari. Nilifunua kidogo tu ubavuni, kijana wa duka akasema pole dada hiyo ni aleji au fangasi, paka hii inatibu vyote. Na kwakweli siku ya pili muwasho kwisha, baka limelala, nikalala usingizi ambao sikuupata muda mrefu. Nikaacha kupaka, wiki haijaisha yamerudi na safari hii ni mapana zaidi. Nikapaka tena, yakatulia, nikaacha, yakarudi na mengine mapya mgongoni. Duka lingine wakaniambia mwili umeshaizoea hiyo, tumia yenye nguvu, nikapewa yenye clobetasol peke yake, hiyo ni stiroidi kali. Hiyo ndo ilinimaliza. Baka likapoteza umbo kabisa, hakuna tena duara wala ukingo unaoeleweka, ni vipele vimesambaa tu na ngozi inang'aa na imekuwa laini ajabu, ukiigusa unaona kabisa ni nyembamba.

Katikati hapo nimejaribu na za nyumbani. Majani ya mwarobaini ya kuchemsha na kuogea yalinipoza muwasho kwa saa chache, hayakuongeza tatizo ila hayakuponya. Alovera ambayo wifi yangu alinikatia kwake ilipoa vizuri ila sehemu niliyokwisha kujikuna ilichoma vibaya. Sabuni ya salfa ilinikausha ngozi ikazidi kuwasha. Kuna dawa ya maji ya kusafisha damu pia niliuziwa, maana mtaani kwetu mtu akitoka vipele jibu ni moja, una damu chafu. Hiyo sikuona faida yoyote, na bei yake ilikuwa kubwa kuliko zote.

Mwishowe ni muuguzi wa zahanati yetu hapa Arusha aliyenishika mkono akasema mama acha kununua tyubu, nakuandikia rufaa nenda Moshi. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya ngozi, RDTC, kipo tangu 1992 na wanasomea watu kutoka nchi mbalimbali za Afrika, sasa mimi nimeishi mwendo wa saa chache tu kutoka hapo miaka yote na nilikuwa sijui. Foleni ipo, msijidanganye, fika asubuhi na mapema na ubebe chakula. Lakini ukiingia ndani unaangaliwa kweli. Daktari alinifunua yote, mgongo, mapaja, katikati ya vidole vya miguu, kucha, mpaka kichwani, wanafunzi wakaomba ruhusa kwanza ndo wakasogea. Swali lake la kwanza lilikuwa, mama umepaka nini mpaka sasa? Nikamwaga mfuko mzima wa tyubu mezani. Akazipanga zenye stiroidi upande mmoja, karibu zote zilikwenda upande huo.

Halafu ndo kipimo chenyewe, na hiki nataka nikieleze vizuri kwa sababu ndicho kilichoniokoa na ni kitu kidogo sana. Akachukua kibledi butu, akakwangua taratibu pembeni ya baka, pale ngozi mbaya inapokutana na nzima, hauumii ni kama mtu anakukuna. Ukadondoka unga mweupe kwenye kioo kidogo. Akauwekea tone la maji ya dawa, potasiamu haidroksaidi, kazi yake ni kuyeyusha seli za ngozi ili fangasi abaki anaonekana, akaacha kidogo kisha akaweka kwenye darubini. Akaniita na mimi nichungulie. Nikaona nyuzi nyembamba zimetanda zimegawanyika matawi matawi, nyingi mno. Akasema hao ndo fangasi, haya mabaka ni mashilingi ya kawaida kabisa, yale ya duara, stiroidi ndo imeyaficha.

Maelezo yake yalinifungua macho. Ule muwasho na ule uvimbe ni kinga ya mwili inapigana na fangasi. Stiroidi inaizima ile kinga, kwa hiyo unahisi umepona huku fangasi wanaendelea kula ngozi bila mtu wa kuwazuia. Ukiacha, kinga inaamka inakuta eneo lililovamiwa limekuwa kubwa, unawashwa upya unakimbilia tyubu tena. Na ile dawa ya fangasi iliyochanganywa humo inashindwa kumaliza kazi.

Akanisimamisha stiroidi zote. Akaniandikia vidonge vya terbinafine vya miligramu 250, kimoja kwa siku, baada ya kupima damu kuangalia ini, pamoja na krimu ya fangasi tupu ya kupaka mpaka nje ya baka kidogo. Nisiwafiche, siku za mwanzo baada ya kuacha stiroidi muwasho ulipanda kuliko mwanzo, nilitamani kulia, ila alikuwa ameshanionya kwa hiyo nikavumilia. Vidonge vilinipotezea ladha ya chakula kwa muda, ugali na maharage vyote vikawa havina maana mdomoni. Baada ya hapo mabaka yakaanza kukauka kutokea katikati kwenda nje, na niliambiwa nisiache dawa kwa kuwa tu ngozi inaonekana safi, nimalize kama ilivyoandikwa.

Kitu kingine ambacho hakuna duka lolote lililowahi kuniuliza: nyumbani kuna mtoto mwenye mapunye? Yupo, mtoto wa kaka yangu ninayeishi naye, alikuwa na baka dogo kichwani limenyonyoka nywele na sote tulidhani mashine ya kinyozi imemkwangua. Taulo tunatumia moja. Daktari akasema nimlete, akakwanguliwa na yeye, akaanzishiwa griseofulvin ya kumeza maana krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele, na hiyo inywewe na chakula chenye mafuta au maziwa ndo mwili unaichukua vizuri. Bila kumtibu yeye ningepona na kuambukizwa tena, na mtoto angeendelea kuteseka kimya. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba watu wote wale waliniuzia dawa na hakuna aliyeuliza naishi na nani.

Sasa hivi muwasho hakuna, nalala. Kilichobaki ni mistari kiunoni na mapajani, ngozi ilipasuka kwa ndani sababu ya stiroidi, na nimeambiwa itafifia ila haitafutika.

Kwa hiyo kabla hujalipa, geuza boksi usome. Ukiona clobetasol, betamethasone, mometasone au dexamethasone, hiyo ni stiroidi. Ina kazi yake, wenye pumu ya ngozi wanaandikiwa na inawasaidia sana, ila baka ambalo halijapimwa usilipake. Na huhitaji kufika Moshi kama uko mbali, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uulize kama maabara yao inafanya kipimo cha kukwangua ngozi kwa darubini, wengi wanakiita KOH. Siku kadhaa kabla usipake dawa yoyote ya fangasi, inaweza kukupa majibu ya uongo. Kama una mimba au unanyonyesha waambie mapema, kabla hawajakuandikia vidonge. Na ubebe tyubu zako zote, hata zilizoisha.