Unga wa figo unaouzwa Mwanga, Kigoma: nyota moja kati ya tano

Kopo ni la plastiki nyeupe, gramu 250, shilingi 40,000, kwenye duka la dawa za asili hapa Mwanga. Jina la duka naliacha. Unga ni laini, wa kahawia, unakorogeka kwenye uji bila mabonge, na uchungu wake ni wa magome. Kijana muuzaji ana adabu: aliniamkia, akanipa kiti, akanionyesha vijiko bila haraka. Kwa hayo sina neno.

Neno langu liko kwenye lebo. Chini ya picha ya figo mbili pameandikwa: "Huziamuru seli za saratani ya figo zijiue zenyewe." Nimefundisha baiolojia sekondari mpaka nikastaafu. Baba yangu mdogo, mstaafu wa reli, alianza kukojoa damu, na utrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye figo ya kushoto. Yeye ndiye anayeunywa unga huu, kwa hiyo sentensi ile nimeipima neno kwa neno.

Seli kujiua ni jambo la kweli, na linatokea mwilini mwa kila mmoja wetu kila siku. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walilipa jina la apoptosisi. DNA ya seli, yaani maelekezo yake ya urithi, ikiharibika vibaya, protini iitwayo p53 hupiga mbiu. Protini nyingine, BAX, hutoboa utando wa nje wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli, protini ya saitokromu c inavuja, na vimeng'enya viitwavyo kaspezi vinaamka na kuikatakata seli kutoka ndani. Mabaki humezwa na seli nyingine, hata uvimbe wa kuuma hautokei.

Seli ya saratani ya figo imeziba njia hiyo sehemu kadhaa kwa pamoja. Aina inayopatikana zaidi, ya seli angavu, ni karibu robo tatu ya saratani za figo za watu wazima. Wengi wa wagonjwa hao, seli za uvimbe wao zimepoteza jeni ya VHL iliyo kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 3. Kazi ya VHL ni kuitia alama HIF, protini inayoiandaa seli kuishi na oksijeni kidogo, ili ivunjwe oksijeni inapotosha. Ikikosekana, HIF inajaa, seli inaishi kana kwamba imekosa hewa, inajiitia mishipa mipya ya damu na kuwasha njia za kung'ang'ania uhai. Mara nyingi huwa pia na protini ya Bcl-2 au ndugu yake Bcl-xL kwa wingi, na hizo ndizo komeo: BAX haipati nafasi ya kutoboa. Kaspezi zikiamka hata hivyo, protini nyingine, XIAP, inazishika. Kinachonishangaza mpaka leo ni p53. Kwenye saratani nyingi jeni yake imeharibika. Kwenye hii ya figo mara nyingi ni nzima kabisa, lakini mbiu yake haiitikiwi ipasavyo, na MDM2, protini inayoipeleka p53 kuvunjwa, ina mkono wake humo.

Figo nayo ina lake. Seli za mirija yake, ambako saratani hii huanzia, zina pampu za kutoa sumu nje, na uvimbe unabaki nazo. Hiyo ni sababu mojawapo ya dawa za kemo za kawaida, ambazo nyingi hutegemea kuisukuma seli ijiue, kufanya kazi kidogo sana hapa. Watafiti wakapita kwingine. Sunitinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, huinyima saratani mishipa ya damu. Nivolumabu, iliyoruhusiwa kwa saratani ya figo mwaka 2015, huzuia uvimbe usizizime seli za kinga. Belzutifani, ya 2021 kwa wenye ugonjwa wa kurithi wa VHL na 2023 kwa saratani ya figo iliyokwisha kusambaa, inaikamata HIF-2, aina mojawapo ya HIF, yenyewe.

Nilimwuliza kijana unga wake unagusa wapi katika njia hiyo. Akanijibu, "Mama, maabara walijaribu, seli zikafa." Inawezekana. Seli zikiwa kwenye kisahani hufa hata kwa maji ya chumvi kali. Mimi nilitaka kuona kama unga uliokunywewa na uji unafika kwenye uvimbe, kwa kiasi gani, na kama seli zisizo na saratani zinabaki salama. Karatasi ya jaribio la namna hiyo hakuwa nayo.

Nikauliza ni mimea gani. Siri ya babu, akasema. Hapo ndipo niliposhuka kutoka nyota mbili hadi moja. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene waliharibikiwa figo, kwa sababu ndani mlikuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia, na baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo. Mtu mwenye figo moja mgonjwa anaitegemea ile nyingine. Hawezi kunywa kitu kisicho na jina.

Kinachoniuma zaidi ni muda. Baba mdogo ana barua ya rufaa ya Bugando, Mwanza, na kila nikimgusia safari ananiambia, "Mwanangu, acha nimalize kopo kwanza." Uvimbe ukiwa bado ndani ya figo, upasuaji wa kuuondoa, pamoja na figo yote au sehemu yake, unaweza kumponya mtu. Ukishatoka humo, hesabu inabadilika.

Nyota niliyotoa ni ya kijana, aliyepokea kopo la pili ambalo halijafunguliwa na kurudisha pesa bila ubishi. Mwenye duka nimemwachia ujumbe: aifute sentensi ile, aandike majina ya mimea na namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mteja yeyote anayekojoa damu amwelekeze hospitali ya Maweni kabla ya kumuuzia chochote.