FreeStyle Libre 2: Tazama Mshale Kabla ya Namba

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo nimewaletea FreeStyle Libre 2, kihisi cha sukari kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Hiki hapa, upana wake milimita 35. Kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na kukaa humo siku 14.

Sikilizeni hapa vizuri. Uzi huu haupimi damu. Unapima majimaji yaliyo katikati ya seli, na sukari hufika huko ikiwa imeshapita kwenye damu. Kwa hiyo namba mnayoisoma imechelewa kwa dakika kadhaa. Sukari ikitulia, hutaona tofauti kubwa. Ikipanda au kushuka kwa kasi, tofauti inaonekana.

Sasa kwa nini nakipenda? Mshale! Unakaa kando ya namba na kukuonyesha kama sukari inapanda, inashuka au imetulia. Mashine ya kuchoma kidole inakupa namba moja, basi. Hapa 120 (namba zangu zote ni mg/dL) iliyotulia na 120 inayoporomoka ni habari mbili tofauti kabisa, hasa kama unachoma insulini na unakaribia kulala au kushika usukani. Kengele ya usiku nayo, jamani, kwa mzazi mwenye mtoto wa kisukari aina ya kwanza, ni kitu kikubwa mno.

Lakini mashine yako ya zamani usiitupe. Ukitokwa jasho na kutetemeka huku kihisi kinasema uko sawa, choma kidole. Ukiulalia mkono wenye kihisi, kinaweza kusoma chini kuliko ukweli. Vidonge vya vitamini C, zaidi ya miligramu 500 kwa siku, vinaweza kupandisha namba kwa uongo.

Na hili linawasumbua wengi: sukari imeshuka chini ya 70, umekunywa gramu 15 za sukari, umesubiri dakika 15, kihisi bado kinaonyesha iko chini. Unaongeza, unaongeza tena, baadaye inaruka hadi 250. Damu ilishapanda zamani, kihisi ndicho kilikuwa nyuma. Pima kidole kwanza ndipo uongeze.

Kwa anayetumia insulini, nasema kichukue ukikimudu, na dozi upange na daktari wako. Kwa anayemeza metformin, kidonge cha kushusha sukari, peke yake na sukari yake imetulia, mashine ya kidole inakutosha. Pesa hiyo kanunulie viatu vizuri vya kulinda miguu.