Tamthilia au filamu: mwigizaji wa kike aanzie wapi?

Kwa malipo, tamthilia ya televisheni hushinda kwa uhakika. Mwigizaji hulipwa kwa kila sehemu au kwa mwezi, hivyo kodi ya nyumba inajulikana itatoka wapi. Filamu hulipa mara moja, mara nyingi kwa awamu, na awamu ya mwisho ndiyo husumbua. Idai kabla ya siku ya mwisho ya kurekodi, kwa maandishi. Kwenye tamthilia, soma zaidi kifungu cha mkataba kuhusu marudio: kisipotaja malipo, kazi yako itarushwa miaka na hutaambulia kitu.

Kwa ufundi, filamu humpa mwigizaji nafasi ya kumchimba mhusika. Tamthilia hurekodi sini (vipande vya hadithi) nyingi kwa siku, tena bila kufuata mpangilio wa hadithi, ndiyo maana nywele na hereni hukosana kati ya sini ya mlangoni na ile ya sebuleni. Piga picha ya vazi lako kila sini inapokwisha. Hata hivyo, kasi hiyo hufundisha kukariri haraka, na hilo ni jambo kubwa.

Umaarufu? Tamthilia hukuingiza sebuleni mwa watu, lakini jina la mhusika linaweza kukuganda.

Lupita Nyong'o alipita kote: tamthilia ya Shuga mwaka 2009 nchini Kenya, masomo ya uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kisha Oscar mwaka 2014 kwa filamu yake kubwa ya kwanza.

Mwenye watoto wa kulea ataegemea tamthilia. Mwenye akiba ya miezi kadhaa anaweza kuisubiri filamu nzuri.