Walitoboa kadi ya babu yangu

Mlio wa kile kidude cha kutoboa karatasi bado ninao masikioni. Kach! Kadi ya babu ikawa na matundu mawili.

Babu mzaa baba alikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji hapa Kisumu, kabla ya uhuru na miaka michache baadaye. Mashine iliuzwa, madaftari yakaliwa na mchwa. Tulibaki na kadi moja ya mwaliko wa harusi ya 1962, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, jina la kiwanda na sanduku la posta. Mwaka jana nikasikia kuna ofisi mjini inayofuatilia historia za familia na biashara za zamani. Nikalipa shilingi 12,000, nikawapelekea kadi watoe nakala.

Kijana wa mapokezi hakutoa nakala yoyote. Aliitoboa akaifunga kwenye faili, mimi nimesimama mbele yake. Tundu moja likapita palepale kwenye namba ya sanduku.

"Kijana wangu, umefanya nini?"

"Mama, si ni pembeni tu? Maandishi yenyewe yako hapa juu."

Pembeni tu! Mtu anayelipwa kutafuta habari za mpiga chapa hajui kwamba mpiga chapa hujitaja chini? Kwenye vitabu sheria yetu humtaka aweke jina na anwani. Kwenye kadi babu aliweka kwa fahari. Na namba ya sanduku ndiyo ya kushika ukitafuta biashara ya zamani. Gazeti rasmi la serikali, linalotoka tangu 1899, limejaa matangazo ya biashara yenye namba hizo.

Nikamwambia akifungue kile kidude. Akainamia simu yake. Mama mmoja wa makamo akatoka ofisi ya ndani, akasema, "Pole sana, dada yangu," akakimwaga mezani. Vipande vya duara, mamia. Tulivichambua kama maharagwe, nusu saa nzima, mpaka akakipata yeye: 47. Nililia.

Ripoti ilichelewa miezi. Kurasa tatu za kwanza ni mambo anayoyajua kila mtoto wa Kisumu, reli kufika 1901 na mengineyo. Lakini ukurasa wa nne! Walikuwa wamempata mzee mmoja huko Kibuye aliyempangia babu herufi za kuchapia. Nikaenda kumsalimia. Akanieleza kwamba herufi hizo, za madini ya risasi, hupangwa kinyume, na babu alizisoma hivyo hivyo bila kusita. Akasema O kubwa ndiyo iliyokuwa ikiisha kwanza, maana kadi ya harusi ya Kijaluo ni Ochieng', Odhiambo, Otieno, Owino. Ikiisha, wanatia sifuri. Kufika nyumbani nikaitazama kadi. Jina la mwisho kwenye kamati lina O nyembamba kuliko zenzake. Ni sifuri! Miaka yote tunaiona, hatujui ni mkono wa babu.

Kwa hilo nilikuwa nawapa nyota tano, kweli kabisa. Halafu nikaomba wanirudishie walau sehemu ya pesa kwa kuiharibu kadi, wakajibu niilete kwanza waikague.

Nyota moja, nayo ni ya yule mama wa ofisi ya ndani. Kadi haitoki tena kwangu.