Askari wa Udongo wa Xi'an: Makumbusho Bora, Watembezaji Wenye Haraka

Makumbusho haya ya sanamu za askari wa udongo zilizozikwa mashimoni yako Lintong, mashariki ya mji wa Xi'an, karibu na kaburi la Qin Shi Huang, mtawala aliyeziunganisha dola za China mwaka 221 KK na kujiita mfalme mkuu wa kwanza, ingawa nasaba aliyoitarajia idumu vizazi elfu kumi ilianguka miaka michache tu baada ya kifo chake mwaka 210 KK.

Muda wako mwingi uutumie kwenye shimo la kwanza, lenye urefu wa mita 230 hivi na upana wa mita 62. Ukiinama ukingoni utaona kuwa nyuso za askari hazifanani: huyu masharubu yamepinda ncha, yule nywele zimesokotwa na kufungwa fundo upande mmoja wa kichwa. Zamani sanamu hizi zilipakwa rangi, nayo ilibanduka upesi ilipokutana na hewa kavu, jambo linalosaidia kueleza kwa nini kaburi lenyewe halijafukuliwa. Magari mawili ya farasi ya shaba nyeusi, yaliyogunduliwa mwaka 1980, yana ukumbi wake karibu na kaburi. Nayaona kuwa kazi bora kuliko askari wenyewe.

Kampuni iliyotutembeza, kwa bahati mbaya, ilitupa dakika arobaini shimoni, kisha ikatuweka zaidi ya saa nzima katika duka la sanamu za kuiga. Safari ijayo nitapanda basi peke yangu, asubuhi na mapema.